Shajara ya mradi: boti ya faiba ya futi 19 iliyotoka maji ya chumvi

Hali tuliyoikuta

Boti ya faiba, futi 19, tangi la petroli la aluminiamu chini ya sitaha, mashine ya nje ya stroki nne yenye silinda nne na nguvu ya farasi 115, inayotumia injekta. Imefanya kazi baharini maisha yake yote. Kompyuta ya mashine inaonyesha saa 640, ambazo si nyingi. Kinachotia shaka ni kifuniko cha mpira wa kusafishia, ule unaounganishwa na bomba la maji baridi (yaani yasiyo na chumvi) baada ya safari: kimegandiana na chumvi hadi hakizunguki kwa mkono. Maana yake mashine ilikuwa inazimwa na kuachwa na maji ya bahari tumboni. Rangi ya nje inang'aa na stika ni mpya, na hayo hayatuambii lolote.

Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 katika kila lita. Yakibaki ndani ya mashine huleta madhara ya aina tatu, na dawa ya moja haiponyi jingine. La kwanza ni chumvi iliyokauka, ambayo huyeyuka kwa maji baridi tu. La pili ni ukoko wa chokaa, unaojijenga pale maji yanapopata joto na hautoki bila asidi. La tatu ni kulika kwa metali, hasa aluminiamu inapogusana na stenlesi au shaba na maji ya chumvi yakiwa katikati. Hilo la tatu haliponi, husimamishwa tu, na anayelimiminia asidi anaongeza kidonda.

Mashine haijawashwa. Boti iliyokaa muda mrefu ikiwashwa "tusikie sauti tu" wakati impela (gurudumu la mapezi linalosukuma maji ya kupoza) ni mbovu na thamostati (valvu inayozuia maji hayo mpaka mashine ipate joto) imeganda, dakika chache zinatosha kupinda silinda hedi. Tunafungua kwanza.

Kofia ya mashine imetolewa

Tumepiga picha za waya zote, kisha tumeosha juu ya mashine kwa maji baridi ya uvuguvugu yanayotiririka polepole. Pampu ya kuoshea magari haifai hapa: inasukuma maji ya chumvi ndani ya soketi na oltaneta. Baada ya hapo tumekausha kwa hewa ya kompresa.

Tunachotafuta ni rangi iliyovimba. Ukiichokoa kwa ncha ya bisibisi, chini yake kuna unga mweupe: hiyo ni aluminiamu iliyoliwa. Umeonekana sehemu mbili, kuzunguka kifuniko cha thamostati na kando ya bolti mbili za stenlesi kwenye kifuniko cha ekzosti. Metali chini ya unga bado ngumu, hakuna kisima kinachozidi milimita moja. Tumekwangua hadi metali safi, tumepaka praima ya epoksi ya aluminiamu, na bolti zitarudi na grisi ya kuzuia maji kwenye uzi.

Kompresheni

Plagi tatu zimetoka bila shida. Ya nne imegoma. Plagi ni chuma, hedi ni aluminiamu, na ukilazimisha unatoka na uzi wa hedi. Njia ni kumwagia mafuta ya kupenya, kusubiri, kukaza kidogo sana, kulegeza kidogo, kumwagia tena, kwenda na kurudi mpaka itembee. Imetoka na uzi mzima.

Kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa, kimechukuliwa plagi zote zikiwa nje, kichochea petroli kimefunguliwa hadi mwisho, betri imejaa, na kamba ya kuzimia imetolewa ili moto usipigwe. Silinda namba 1 hadi 4: psi (pauni kwa inchi ya mraba) 188, 185, 186, 171. Pengo kati ya kubwa na ndogo ni asilimia 9, na sisi tunakubali hadi 10. Tumemimina kijiko cha chai cha oili kwenye silinda ya nne na kupima tena: 184. Ikipanda namna hiyo, tatizo liko kwenye ringi, mara nyingi zimekwama kwa masizi. Isipopanda ni valvu au gasketi, na zikiwa chini silinda mbili zinazopakana, shuku gasketi ya hedi kwanza.

Kamera ndogo imeingizwa kupitia tundu za plagi. Vichwa vya pistoni vyote vina masizi meusi makavu, na hiyo ni habari njema. Pistoni moja ikiwa safi inang'aa huku nyingine ni nyeusi, maji yanaingia na kuisafisha kwa mvuke. Hedi haifunguliwi. Tutatia dawa ya kuondoa masizi kwenye petroli na kupima upya baada ya safari za majaribio.

Oili ya mashine ilikuwa juu ya alama na inanuka petroli. Tumeimwaga na kubadili filta, lakini sababu ilikuwa bado haijajulikana. Jibu limekuja tulipofika kwenye thamostati.

Giaboksi imeshuka

Hapa ndipo kazi ilipokuwa nzito.

Oili ya gia imefunguliwa kwa skrubu ya chini, kisha ya juu. Imetoka ikiwa na rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia. Sumaku ya skrubu ina unga laini tu, hakuna vipande, kwa hiyo gia zenyewe huenda ni nzima. Propela ilipotolewa, nyuma ya washa yake kubwa kulikuwa na mshipi wa kuvulia uliojizungusha kwenye shafti mpaka ukayeyuka na kuwa pete ya plastiki. Mshipi ndio unaokata sili. Propela itolewe mara kwa mara kwa sababu hii pekee, hata kama haina kasoro.

Giaboksi tupu imejazwa hewa kwa pampu ya mkono yenye geji, psi 10. Ikashuka ndani ya dakika moja, na maji ya sabuni yakatoa mapovu kwenye sili za shafti ya propela. Wakati wa kipimo zungusha shafti zote mbili, kwani sili nyingine huvuja shafti inapozunguka tu.

Bolti za kushikilia giaboksi zinaonekana pembeni, lakini moja imejificha chini ya kile kipande kidogo cha zinki nyuma ya propela. Wengi huisahau, kisha wanapigana na giaboksi wakidhani imeganda. Kipande hicho ndicho pia kinachosawazisha mvutano wa usukani, kwa hiyo kiwekewe alama ya kilivyokaa kabla ya kukitoa.

Bolti mbili zimekataa. Pasha moto aluminiamu iliyoizunguka bolti, usipashe bolti yenyewe, kwa sababu aluminiamu hutanuka zaidi na tundu linalegea. Tochi ya gesi ndogo, ikitembea bila kutulia, hadi tone la maji likianguka linachemka papo hapo. Ikianza kupoa, mimina mafuta ya kupenya, yatavutwa ndani. Rudia. Moja imetoka. Nyingine imekatika ikiacha kipande ndani; imetobolewa katikati kwa kekee inayozunguka kushoto, uzi ukakatwa upya na kutiwa springi ya uzi ya milimita 10. Usianze kutoboa bila kupata katikati kwa nukta ya ponchi. Kekee ikiteleza inaifuata aluminiamu laini na kuiacha stenlesi.

Giaboksi ikianza kuachia, tumia kabari za plastiki pande zote mbili kwa zamu. Bisibisi ikipenyezwa upande mmoja huacha jino kwenye aluminiamu, na hapo ndipo kulika kunapoanzia.

Sili zote mbili za propela ni mpya, zimekaa kwa mwelekeo uleule wa za zamani (picha ilipigwa kabla ya kuzing'oa). Kwenye shafti kulikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na mdomo wa sili. Ukucha ukiukwaruza unashika kidogo, kwa hiyo sili mpya zimesukumwa milimita moja na nusu tofauti na zilipokuwa ili midomo ikae kwenye chuma kisicho na mfereji. Kipimo cha psi 10 kimerudiwa: dakika 10, sindano haijasogea.

Pampu ya maji

Impela imepoteza mapezi matatu kati ya sita na yaliyobaki yamelala upande mmoja. Kabla ya kufunga mpya, vipande vyote vinatafutwa na kuhesabiwa. Viwili vilikuwa ndani ya nyumba ya pampu, kimoja kimeziba bomba la shaba linalopanda juu. Kipande kikiachwa kitapanda hadi thamostati na kuleta joto wiki mbili baada ya kazi kusifiwa.

Kikombe cha stenlesi ndani ya nyumba ya pampu kilikuwa kimebonyea kuelekea impela. Nyuma yake kumejaa chumvi iliyokauka kama jiwe, nayo ndiyo iliyokisukuma. Hilo ni dhara la kwanza, na maji ya moto yameiyeyusha. Nyumba imekwanguliwa safi, na kikombe, bamba la chini, ufunguo wa shafti na gasketi zote zimebadilishwa. Kununua impela peke yake wakati bamba limechimbika ni kutupa fedha: impela mpya haitanyonya vizuri.

Impela hupakwa maji ya sabuni, usitumie grisi ya petroli, kisha inaingizwa huku shafti ikizungushwa kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka juu, ili mapezi yalale yanavyopaswa. Meno ya juu ya shafti ya wima yamepakwa grisi ya kuzuia maji kwenye ubavu tu. Ncha yake ya juu haipakwi: grisi ikijaa hapo haina pa kutokea, na giaboksi itakataa kupanda milimita za mwisho. Anayeivuta kwa bolti anaipasua.

Oili ya gia imejazwa kutoka chini hadi ikatoka juu bila mapovu, skrubu ya juu ikafungwa kwanza, kisha ya chini. Washa mpya kwenye zote mbili.

Thamostati na njia za maji

Bolti za kifuniko ni za milimita 6, na hizi ndizo hukatika kirahisi kuliko zote. Joto kidogo, mafuta ya kupenya, mkono mwepesi. Zimetoka.

Thamostati imekutwa wazi, haifungi. Punje za chumvi na chokaa zimekaa kwenye kiti chake. Hapo ndipo oili iliyonuka petroli ilipoeleweka: maji yakipita muda wote mashine haipati joto lake, petroli haiungui yote, inapenya ringi na kushuka kwenye oili. Mashine inayokwenda baridi mno inaharibika polepole bila king'ora chochote kulia, kwa hiyo mwenye nayo hujiona yuko salama.

Mpya imepimwa kabla ya kufungwa: imening'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, bila kugusa chuma. Imeanza kufunguka nyuzi 60 na kumalizika karibu 70. Thamostati za mashine zinazopozwa na maji ya bahari moja kwa moja huwekwa chini namna hii kwa makusudi, kwa kuwa maji yakizidi kupata moto ukoko unajengeka haraka. Usifunge ya gari.

Kusafisha njia za maji kumefanywa kwa hatua mbili zisizobadilishana nafasi. Kwanza maji baridi ya uvuguvugu yamepitishwa nusu saa kutoa chumvi. Kisha siki nyeupe ya asilimia 5, lita 20 kwenye pipa, imezungushwa kwa pampu ndogo ya umeme kupitia mpira wa kusafishia huku thamostati ikiwa nje, na kuangukia pipani tena. Mashine haiwashwi wakati huu. Zinki za ndani ya bloku zimetolewa kabla, vinginevyo siki inazila. Mapovu yalikuwa mengi saa ya kwanza, vipande vya ukoko vikanaswa kwenye kitambaa cha kuchujia, na yalipokaribia kukoma tukasimamisha. Kisha maji baridi dakika 20 kusafisha siki yote. Asidi ya betri, asidi ya kusafishia vigae na magadi ya moto zisikaribie hapa, maana zote zinakula aluminiamu kwa kasi.

Zinki

Kitu kimoja kilionekana kizuri na hakikuwa. Zinki kubwa chini ya bano la mashine ilikuwa karibu nzima. Zinki kazi yake ni kuliwa badala ya mashine, na ikibaki nzima baada ya miaka baharini haikuwa kazini. Mita imeonyesha ohm 40 kati yake na bloku, na inatakiwa iwe chini ya 1. Sababu: mtu aliipaka rangi, na waya mwembamba wa kuunganisha bano na mashine ulikatika kwenye kichwa chake. Waya mpya umewekwa, nyuso zimekwanguliwa hadi metali, zinki mpya hazikupakwa chochote. Sasa ni ohm 0.2.

Zinki hubadilishwa zikibaki nusu. Boti ikihamia ziwani zinki hujifunika utando na kulala. Huko inatakiwa magnesiamu.

Ukuta wa tezi

Mashine nzito inaning'inia kwenye ukuta wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, na ndani ya faiba mna plaiwudi. Mmoja amekanyaga mguu wa mashine iliyoinuliwa kiasi, mwingine akatazama ukuta: umecheza kidogo. Kugonga kwa mpini wa bisibisi kumetoa mlio mkavu sehemu ya juu na mlio mzito uliokufa chini kushoto. Tumetoboa tundu za majaribio za milimita 6 kutoka ndani. Unga wa mbao juu ni mkavu na mweupe; kutoka chini kushoto umetoka mweusi, umelowa.

Chanzo hakikuwa bolti kubwa za mashine. Ni skrubu nne za kipima kina, zilizofungwa chini ya mstari wa maji bila gundi. Skrubu isiyozibwa ni bomba.

Eneo lililooza ni kama sentimita 40 kwa 30. Ngozi ya ndani ya faiba imekatwa kwa grainda na kuwekwa kando, plaiwudi mbovu ikachimbwa hadi kwenye mbao kavu, na ukingo ukaachwa wazi chini ya taa ya joto mpaka kipimo cha unyevu kikashuka. Kuharakisha hapa ni kufungia maji ndani. Viraka viwili vya plaiwudi ya baharini ya milimita 18 vimelowekwa epoksi kingo zote na kugandishwa kwa epoksi iliyotiwa unga wa silika hadi ikawa nzito isiyotiririka. Juu yake tabaka nne za kitambaa cha faiba cha nyuzi za mshazari, kila moja ikizidi ya chini yake, na ukingo wa zamani umesagwa kwa mteremko wa 12 kwa 1. Polyesta hatukuitumia kwa kiraka, kwa kuwa haishiki vizuri juu ya faiba iliyokwisha kukauka.

Kila tundu la skrubu na bolti kwenye ukuta sasa limetobolewa kubwa kuliko linavyohitajika, limejazwa epoksi, kisha likatobolewa upya kwa kipimo chake. Bolti ikivuja, maji yanakuta epoksi, hayakuti mbao. Kipima kina kimehamishiwa kwenye ubao wa plastiki uliogandishwa kwa gundi.

Umeme

Waya za boti hazijatiwa bati. Ukichubua ganda karibu na kichwa, shaba ni nyeusi, na weusi unaingia ndani zaidi ya sentimita 20. Kubadilisha kichwa peke yake hakusaidii, waya mzima umekufa. Zimebadilishwa zote za pampu ya ngama (inayotoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti), taa na mashine, kwa waya uliotiwa bati, vichwa vya kubana vyenye ganda la gundi linaloyeyuka kwa joto. Risasi ya kulehemu peke yake haitoshi, waya hukatika pale risasi inapoishia kwa kutikisika.

Pampu ya ngama imeunganishwa moja kwa moja na betri kupitia fyuzi yake, bila kupita swichi kuu, ili ifue maji hata boti ikiwa imezimwa. Fyuzi iko ndani ya sentimita 18 kutoka betri. Vipimo vya mwisho: betri imepumzika volti 12.6, wakati wa kupiga stata 10.4 (ikishuka chini ya 9.6 tafuta waya au betri mbovu), mashine ikienda 14.2.

Usukani, mafuta, trela

Kebo ya usukani ilikuwa imeganda ndani ya bomba linalopita kwenye bano. Grisi ya zamani imekuwa nta. Imetolewa kwa joto na kugongwa kwa mti, bomba likasafishwa kwa brashi ya shaba, kebo mpya. Grisi hutiwa fimbo ya kebo ikiwa imeingia ndani ya bomba. Ukiitia fimbo ikiwa imetoka, grisi hujaza nafasi na usukani hufunga.

Petroli ya zamani imenyonywa yote, chini ya filta kulikuwa na maji. Mipira ya petroli na filta ya mikroni 10 ni mipya. Tangi limepimwa kwa hewa ya psi 2 kwa pampu ya mkono, kamwe si kompresa, na halijavuja. Lakini pembeni mwake povu la kujazia (kama sponji) limeloa, na aluminiamu iliyolala kwenye povu lenye maji ya chumvi hutoboka kutoka nje. Povu la upande huo limekatwa ili hewa ipite.

Trela: beringi za magurudumu mpya, bolti za springi zimebadilishwa.

Majaribio

Dakika 15 nchi kavu na maji ya bomba, mizunguko 1,000 kwa dakika. Inakojoa (inatema maji ya kupoza) kwa nguvu, hedi nyuzi 62 hadi 65 pande zote kwa kipimajoto cha mwanga.

Majini, watu wawili na nusu tangi: mizunguko ya juu kabisa 5,200 kwa propela ya inchi 19 za hatua (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja). Kitabu kinataka 5,000 hadi 6,000, ila kwa mzigo kamili itashuka chini ya 5,000 na mashine itakuwa inabebeshwa. Kila inchi moja ya hatua ikipunguzwa huongeza mizunguko 150 hadi 200, kwa hiyo inarudi na ya inchi 17. Oili ya gia ikafunguliwa baada ya majaribio: safi, haina weupe. Silinda ya nne sasa psi 180. Lililobaki ni kufungua tena sitaha upande wa pili wa tangi na kukagua povu la huko.